Kichwa kinasema Mungu ni Baba, mwili unasema kimbia: nadharia ya uambatano inatusaidiaje?

MlinziWaZamu aliuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Naandaa mafunzo ya wiki 6 kwa wanaofanya huduma ya ushauri kanisani, na kuna jambo ambalo mahubiri peke yake hayaligusi. Mtu amekariri Warumi 8 yote, anawafundisha wengine kwamba Mungu ni Baba mwenye upendo, na ukimuuliza anasema anaamini kwa moyo wote. Lakini akianguka dhambini anakaa wiki mbili bila kuomba. Mwingine anatubu kosa lile lile kila usiku, kana kwamba toba ya jana haikufika. Wa tatu ana nidhamu ya kupigiwa mfano, hakosi ibada, ila hajawahi kumwomba Mungu kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Nimesoma kidogo kuhusu ile nadharia ya saikolojia inayomhusu mtoto na mlezi wake. Wengine wanaiita uambatano, wengine mfungamano. Je, uhusiano wa mtu na Mungu kweli unafuata njia hiyo hiyo? Tukisema hivyo, hatumfanyi Mungu kuwa kivuli cha mzazi? Na kubwa zaidi: mshauri afanye nini hasa akiwa amekaa na mtu, na ni wapi watu huharibu?

DawatiLaUshauri alijibu:

Shalom ndugu. Tuanzie kwenye jaribio maarufu la nadharia hii, la mtoto na mama, maana wengi hulisimulia vibaya na kosa hilo huwafuata mpaka kwenye chumba cha ushauri.

John Bowlby, daktari wa akili Mwingereza, aliiandika nadharia hii katika juzuu tatu: 1969, 1973 na 1980. Hoja yake ni kwamba mtoto huzaliwa na mfumo unaoamka anapoogopa, anapoumwa au anapotengwa, na unaotulia akimfikia mtu mwenye nguvu na hekima kuliko yeye. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth ndiye aliyelitazama jambo hilo kwa macho. Alianza katika vijiji vya karibu na Kampala, 1954 na 1955, akiwafuatilia watoto 28 wa familia 26, kisha akaendelea Baltimore, Marekani. Huko Baltimore ndiko alikobuni jaribio la chumba kigeni: vipindi 8, vingi vya dakika 3 hivi, jumla kama dakika 20, kwa mtoto wa miezi 12 hadi 18. Mama huondoka mara 2 na kurudi mara 2.

Watu wengi hudhani kinachopimwa ni kilio. Sicho. Kinachotazamwa zaidi ni kile mtoto anachofanya mama *anaporudi*. Mwenye uambatano salama anaweza kulia sana, lakini mama akirudi humwendea, hutulia, kisha hurudi kwenye vitu vya kuchezea. Mwenye uambatano wa kukwepa hugeuza uso na kuendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha kuwa mwili wake hautulii kama uso wake unavyotulia. Mwenye uambatano wa wasiwasi hung'ang'ania na kusukuma papo hapo. Amebebwa, bado hatulii. Kundi la nne lilitajwa na watafiti Mary Main na Judith Solomon mwaka 1986: uambatano uliovurugika. Huyu huanza kwenda kwa mama, kisha anaganda katikati ya chumba, kwa sababu mtu anayepaswa kuwa kimbilio ndiye huyo huyo anayemtisha.

Sasa soma upya watu wako watatu ukiwa na jicho hilo la kurudi. Wa toba ya kila usiku amerudi, lakini hajui kutulia baada ya kupokelewa. Wa nidhamu yuko ndani ya nyumba na bado hajamkaribia mwenye nyumba. Huyo wa wiki mbili usimwekee jina haraka. Huenda ni kukwepa, huenda ni hofu halisi, na tofauti hiyo itaamua utakavyomsaidia.

Kuhusu Mungu: wanasaikolojia Lee Kirkpatrick na Phillip Shaver ndio waliofungua mlango huu mwaka 1990, na Pehr Granqvist wa Sweden ameufanyia kazi kwa miaka mingi. Waliuliza kama Mungu, kwa anayeamini, ana sifa za mtu wa kuambatana naye. Muumini hutafuta ukaribu naye. Humkimbilia wakati wa hatari. Huanzia kwake kwenda kukabili mambo magumu. Huumia akihisi ametengwa naye. Tena humwona kuwa mkuu kuliko yeye mwenyewe. Kwa waumini wengi sifa zote hizi zipo. Hii haimaanishi kwamba kila sala ni uambatano. Kusoma tangazo la ibada si uambatano. Mfumo huonekana vizuri saa ya dhiki.

Kutoka hapo kuna njia mbili, na zote mbili zina ushahidi. Njia ya mwendelezo: aliyelelewa kwa usikivu hubeba matarajio hayo hadi kwa Mungu, na mara nyingi huipokea pia imani ya wazazi wake polepole, bila kishindo. Njia ya fidia: aliyekosa kimbilio nyumbani hulipata kwa Mungu, mara nyingi kwa badiliko la ghafla katikati ya msukosuko, na imani yake huwa na vipindi vya kupanda na kushuka kadiri dhiki inavyokuja na kwenda. Tafadhali mkazie mwanafunzi wako kwamba hizi ni tabia za makundi katika takwimu, tena zenye nguvu ya wastani. Huwezi kumtazama mtu mmoja ukasema, "Wewe ulikuwa na mama mkali."

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Kuna Mungu tunayemkiri, na kuna Mungu ambaye mwili unamtarajia. Wa kwanza tunamjua kwa mafundisho, na tunaweza kumweleza kwa sentensi. Wa pili tulimjifunza kabla hatujajua kusema, kwa mamia ya mara ambazo tulilia na kitu fulani kikatokea, au kisitokee. Mafundisho humfikia wa kwanza kwa urahisi. Wa pili hubadilika kwa njia ile ile tuliyomjifunzia mwanzo: kulia, kwenda, kupokelewa, tena na tena.

Swali_Gumu alijibu:

Naona hatari mbili. Ya kwanza: ukishasema Mungu ni mlezi wa kufikirika anayejaza pengo la mama, umebakiza hatua moja tu kusema hayupo. Ya pili naiogopa zaidi kwa vitendo. Kesho washauri wataanza kuwaambia waliookoka ghafla, "wokovu wako ni fidia." Paulo njiani kwenda Dameski naye tumfanyie mahojiano ya utotoni?

DawatiLaUshauri alijibu:

Hatari ya pili ni ya kweli, na itajwe wazi kwenye mafunzo. Wengi wa walioongoka ghafla hawakutoka kwenye malezi mabaya. Utafiti unasema tu kwamba hali hiyo huonekana zaidi kidogo kwa waliotoka huko. Halafu kujua mtu aliufikia mlango kwa njia gani hakukuambii kama kuna mtu nyuma ya mlango. Anayechunguza jicho hutuambia jinsi mwanga unavyopokelewa, hatuambii kama jua lipo. Kirkpatrick ana msimamo wake kuhusu asili ya dini, akiegemea mageuzi ya viumbe. Unaweza kukataa msimamo huo na ukabaki na vipimo.

KitabuWazi alijibu:

Niongezee upande wa Maandiko, kwa sababu wengi hulazimisha nadharia hii juu ya Biblia wakati Biblia ina lugha yake ya jambo hili.

Neno *kuambatana* tunalo tayari. Katika Mwanzo 2:24 mwanamume anaambatana na mkewe. Ruthu 1:14, Ruthu akaambatana na Naomi. Kumbukumbu la Torati 10:20, Israeli waambatane na Bwana. Nyuma ya mistari hiyo kuna neno moja la Kiebrania, *dabak*, na ndilo lililopo pia Zaburi 63:8, ambako tafsiri yetu inasema nafsi "inakuandama." Kwa hiyo anayesema uambatano kwa Kiswahili hajaleta lugha ngeni kanisani. Ila angalia: katika Torati neno hili ni la agano, lina utii na uaminifu ndani yake, wakati kwa Bowlby ni mfumo wa usalama. Mahali pakubwa yanakutana, lakini si kitu kimoja.

Pili, acheni kuhubiri kwamba *Aba* ni neno la mtoto mchanga. Dai hilo lilienea sana karne iliyopita, na mtaalamu wa Biblia James Barr alilijibu mwaka 1988: watu wazima pia walilitumia kwa baba zao. Linaonekana mara 3 tu katika Agano Jipya, yaani Marko 14:36, Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6. Lina ukaribu, lakini ni ukaribu wa mwana anayejua pia kutii. Tena litazame pale Gethsemane: anayelitamka anaomba kikombe kiondolewe, na hakiondolewi. Mshauri anayemfundisha mtu kwamba Aba ni neno la kubembelezwa tu atakosa la kusema siku ombi litakapokataliwa.

Tatu, na hapa nadharia inatupa kitu ambacho kanisa limesahau. Mwaka 1952 James Robertson na Bowlby walieleza hatua tatu za mtoto mdogo aliyetenganishwa na mama yake, mathalani akilazwa hospitalini. Kwanza anapinga: analia, anaita, anagonga. Kisha anakata tamaa. Mwisho anajitenga, ananyamaza, anacheza na wauguzi, na mama akija hamjali. Wauguzi wa wakati ule waliiona hatua ya tatu kuwa mtoto amezoea. Kumbe ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Sasa fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6. Miwili ya kwanza ni "hata lini," miwili ya kati ni ombi, miwili ya mwisho ni tumaini. Huko ni kupinga kwa mtu ambaye bado ameambatana. Zaburi ya 88 haifiki hata kwenye tumaini, inaishia gizani, na bado imo katika kitabu cha maombi. Zaburi ya 22, ambayo Yesu aliilia msalabani, inaanza kwa kuachwa, na mistari ya 9 na 10 inarudi matitini mwa mama. Kwa hiyo muumini anayelalamika mbele za Mungu, mwacheni alalamike. Yule aliyekuwa akilia mwaka jana, mwaka huu kanyamaza, anahudumu vizuri na hana shida yoyote, ndiye wa kumtembelea.

Mipaka nayo itajwe. Nadharia hii haina cha kusema kuhusu utakatifu, dhambi, haki ya jirani wala msalaba. Ukiipa kanisa zima utabaki na Mungu ambaye kazi yake ni kututuliza. Ingawa hata kwa Bowlby kutulizwa si mwisho wa safari: mtoto hutulia ili aondoke tena kwenda kuchunguza. Linganisha Mathayo 28, ambako ahadi ya kuwa nasi siku zote imefungwa pamoja na amri ya kwenda.

Mlezi_Mtulivu alijibu:

Wakubwa wamemaliza nadharia, mimi nijibu lile la "afanye nini."

Kikao cha kwanza usiulize habari za wazazi. Uliza kuhusu maombi, kwa maswali yenye jibu la kupimika. Ukikosea, unakaa saa ngapi au siku ngapi kabla hujaomba? Ukipata habari mbaya, unamwambia nani kwanza, na Mungu ni wa ngapi? Mara ya mwisho kuomba jambo dogo lako mwenyewe ilikuwa lini? La nne lijibiwe ndani ya sekunde 5, kabla theolojia haijafika: Mungu akikutazama sasa hivi, uso wake ukoje? "Amechoka nami." "Anasubiri nikosee." "Hanitazami." Majibu ya namna hiyo hutoka kwa watu wanaojua Biblia vizuri sana.

Kisha chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande mmoja aandike Mungu anayemkiri, upande wa pili Mungu anayemtarajia saa mbaya. Mpe dakika 10, na wewe unyamaze.

Hapa ndipo washauri wengi huharibu. Wakiona upande wa pili wanauvamia kwa mistari: "Lakini Neno linasema…" Mtu ametoa kitu ambacho hajawahi kumwonyesha yeyote, na kimesahihishwa ndani ya nusu dakika. Mwili wake umejifunza tena kile kile: ukweli wako haupokelewi, toa jibu sahihi. Wiki ijayo atakuja na majibu sahihi, utadhani amepona. Katika kikao hicho sema tu umesikia, uliza hisia hiyo ilianza lini, basi. Mistari itakuja kikao cha tatu au cha nne, na ataitafuta mwenyewe.

Baada ya hapo kazi inatofautiana.

Anayekwepa umpe vitu vidogo. Dakika 5 kwa siku, ombi moja, lihusu haja yake mwenyewe, tena haja ndogo ya siku hiyo. Si kwa ajili ya taifa, si kwa ajili ya huduma. Atakuambia ni ubinafsi. Mkumbushe kwamba mkate wa kila siku umo katika Sala ya Bwana. Usimlazimishe kulia, usimshike mabega ukisema "mwachie Bwana," usimweke mbele ya kundi atoe ushuhuda. Kila msukumo wa ukaribu humrudisha nyuma hatua mbili. Dalili ya kwamba anasogea ni ndogo sana: atasema "nilikuwa na hofu" badala ya "hali ilikuwa na changamoto."

Mwenye wasiwasi anahitaji mwisho. Maombi yake hayana mwisho kwa sababu anasubiri kuhisi amepokelewa, na hisia hiyo haiji. Mwekee muda, kwa mfano dakika 15, na tamko moja la kufungia analolisema akiwa ametulia au hajatulia, kisha asimame. Toba ya kosa moja ifanywe mara moja, aandike tarehe, na likirudi kichwani asitubu upya, aseme tu "lilishasemwa." Zaburi ya 131 inafaa sana hapa, maana mtoto wa pale ameachishwa kunyonya, yuko na mama yake bila kudai ziwa. Asitafute ishara. Wenye wasiwasi hupenda kumjaribu Mungu kwa ishara, na ishara hutuliza kwa siku moja kisha inatakiwa nyingine kubwa zaidi. Na wewe mshauri usijibu kila ujumbe wa saa 6 usiku, kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyevurugika, hasa aliyeumizwa na mzazi au na kiongozi wa dini, ni kazi nyingine kabisa. Usimwombe afumbe macho. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Miguu yake iwe sakafuni, akae karibu na njia ya kutokea kuliko wewe. Hakuna kuwekea mikono bila kumwomba ruhusa kila mara, na hakuna maombezi ya kelele. Kama neno Baba linamgandisha, aombe kwa majina mengine ya Maandiko: Mchungaji, Mwamba, Kimbilio. Hakuna dhambi hapo, na siku moja huenda neno hilo likarudi lenyewe. Huyu apelekwe pia kwa mtaalamu wa kiwewe, si baada ya maombi kushindwa, bali tangu mwanzo. Kama hatari bado ipo, mtoto anapigwa au mtu anatendewa ukatili, taarifa kwa mamlaka hutangulia vikao.

Kwa wote: vikao 8 hadi 12, saa moja, siku ile ile, saa ile ile. Anza kwa wakati, maliza kwa wakati. Ukisafiri, sema wiki mbili kabla. Haya yanaonekana ni mambo ya ratiba tu, kumbe ndiyo dawa yenyewe. Mtu ambaye hajawahi kumwona mkubwa akirudi kama alivyoahidi, anakuona unarudi mara 10. Na ukikosea, ukachelewa au ukasahau jambo alilokuambia, usijitetee. Omba radhi kwa jina la kosa lenyewe: "Nilisahau jina la dada yako, na nimekuumiza." Edward Tronick aliyechunguza akina mama na watoto wachanga alikuta kwamba hata walio salama wanaenda sambamba karibu 30% tu ya muda; sehemu kubwa iliyobaki wanapishana na kurekebisha. Kurekebisha ndiko kunakojenga. Mshauri asiyekosea kamwe angekuwa hana cha kumfundisha mwenye wasiwasi.

MlinziWaZamu alijibu:

Mmenifungua macho, hasa lile la kurudi na lile la wauguzi. Maswali mawili yamebaki. Kuna dodoso lolote la kupima uambatano na Mungu ninaloweza kutumia darasani? Na pili: tukiwa thabiti kiasi hicho, muumini hataambatana na mshauri badala ya Mungu?

DawatiLaUshauri alijibu:

Lipo la Richard Beck na Angie McDonald la mwaka 2004. Lina maswali 28, nusu yanapima hofu ya kuachwa na Mungu, nusu kukwepa ukaribu naye, kila moja kwa alama 1 hadi 7. Lilijengwa kwa wanafunzi wa chuo Wakristo huko Marekani, kwa hiyo usichukue alama zao kuwa kipimo cha kanisa lako. Tena majibu ya dodoso hutoka zaidi kwa Mungu wa kichwa. Mtu anayekwepa anaweza kujipa alama nzuri kabisa, kwa kuwa ndivyo anavyojiona. Ndiyo maana watafiti waliotumia mahojiano marefu ya watu wazima, yale ya Mary Main na wenzake yanayosikiliza *namna* mtu anavyosimulia utoto wake zaidi ya anachosimulia, mara nyingi wameona mwendelezo kwa uwazi zaidi kuliko waliotumia dodoso. Darasani litumie kufungua mazungumzo, karatasi zisikusanywe, na asitajwe mtu kwa kundi lake. Majina haya si magonjwa. Mtu mmoja anaweza kuwa salama kwa mwenzi wake na mwenye wasiwasi kwa Mungu.

Kuhusu kuambatana na mshauri: ataambatana, kwa muda. Kosa ni kuifanya hali hiyo iwe ya kudumu, au kuinogewa. Kuna viongozi wanaopenda kuwa kimbilio la pekee, na hao ndio wanaozalisha waumini wasioweza kufanya uamuzi bila kupiga simu. Kwanza, tangu kikao cha kwanza taja tarehe ya kikao cha mwisho. Pili, hakikisha ana watu wengine angalau wawili au watatu wa kuambatana nao. Ainsworth aliona tangu Uganda kwamba mtoto huambatana na zaidi ya mtu mmoja, ingawa huwa na mmoja anayemtanguliza. Tatu, kuanzia katikati ya safari, akileta jambo, muulize, "Umeshamwambia Mungu hili? Ulisema maneno gani?" kabla hujatoa neno lako.

Swali_Gumu alijibu:

Nakubali nimejibiwa lile la kwanza. Niulize kingine kwa Mlezi: toba ya kila usiku, unajuaje kama ni uambatano wa wasiwasi na si ugonjwa?

Mlezi_Mtulivu alijibu:

Swali zuri, na nililiruka. Angalia mambo matatu. Muda: ikizidi saa moja kwa siku au ikimzuia kulala na kufanya kazi, ni zaidi ya tabia. Umbo: mwenye wasiwasi wa uambatano analia kwa ajili ya *Mungu kuniacha*, mwenye ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia mara nyingi anahangaika na *usahihi*, kwamba amekosea neno moja la sala na lazima aanze upya, au wazo la kufuru limeingia na lazima alifute kwa idadi fulani ya maneno. Tatu, faraja: mpe mwenye wasiwasi uhakikisho, atatulia kwa siku moja hivi, mpe mwenye ugonjwa uhakikisho, atatulia kwa dakika na kuuomba tena. Ukiona hayo, acha kumpa uhakikisho, hata wa mistari, maana kila "umesamehewa" unayomwambia inageuka kuwa sehemu ya mzunguko. Mpeleke kwa mtaalamu anayetibu ugonjwa huo kwa kumzoesha kukaa na shaka bila kufanya tendo la kuifuta, na uongee na mtaalamu huyo (kwa ruhusa ya muumini) ili kanisani asipewe maagizo yanayopingana. Hali hizi mbili zinaweza pia kukaa ndani ya mtu mmoja. Hapo tanguliza tiba ya ugonjwa, kazi ya uambatano ifuate.

MlinziWaZamu, kwa wiki zako 6: usiwaahidi wanafunzi kwamba watabadilisha Mungu wa mwili wa mtu ndani ya muda huo. Wiki 2 za kwanza wafanye ile karatasi ya pande mbili wao wenyewe, wiki 2 wajifunze kusikiliza dakika 10 bila kusahihisha, na 2 za mwisho wafanye mazoezi ya kuomba radhi. Hayo ya mwisho utaona ndiyo yanayowashinda wengi.